Njia mbili zilizomshinda fisi

Msomaji mpenzi, kisa cha fisi na njia panda umekijua tangu utotoni. Fisi alikuwa na njaa, akanusa harufu ya nyama, akaifuata mbio mpaka akafika mahali njia inapogawanyika. Harufu ilitoka kulia, na kushoto nako ikatoka. Kwa tamaa yake akaamua asikose hata moja. Miguu ya kulia akaipeleka njia ya kulia, miguu ya kushoto akaipeleka njia ya kushoto, akajikokota hivyo hivyo hadi akapasuka msamba. Ndipo wahenga wakatuachia usemi kwamba njia mbili zilimshinda fisi.

Usemi huo ni kweli tupu kwa fisi, kwa binadamu, kwa matatu na kwa kila kitu tunachokiona kwa macho. Lakini katika ulimwengu wa vitu vidogo sana mambo ni mengine. Kwa karibu miaka 100 sasa, wanafizikia wamejua kwamba chembe ndogo kama elektroni inaweza kufika njia panda, ikazipita njia zote mbili kwa wakati mmoja, na ikafika mwisho wa safari ikiwa nzima. Hali hiyo huitwa supaposisheni, yaani kuwa katika hali mbili au zaidi kwa pamoja.

Swali ninalotaka tulichambue leo ni hili: mpaka uko wapi? Ikiwa elektroni inaweza, je, atomu nayo? Molekuli je? Chembe ya vumbi je? Wako wanasayansi ambao wametumia miaka mingi ya kazi yao wakichukua vitu vikubwa zaidi na zaidi na kuvipeleka njia panda ili waone vitafanya nini. Jibu walilolipata kufikia sasa linashangaza: kinachoiharibu hali hii si ukubwa peke yake. Kinachoiharibu ni siri kuvuja.

Lakini tusiruke hatua. Huenda tayari unauliza, na ni haki yako: watu hawa wanajuaje kwamba kitu kimepita njia mbili? Wamekiona kikipita?

La, hawajakiona. Wanajua kwa alama kinazoacha, kama mwindaji anavyojua kwa nyayo ni mnyama gani aliyepita usiku. Ili kuielewa alama hiyo, chukua beseni la maji. Gusa maji kwa vidole viwili kwa mpigo mmoja. Kila kidole kitatoa viwimbi vya duara. Pale kilele cha wimbi la kidole hiki kinapokutana na kilele cha wimbi la kidole kile, maji yanainuka zaidi. Pale kilele kinapokutana na bonde, vinamezana na maji yanatulia. Hivyo kuna mistari ya msukosuko na mistari ya utulivu.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwingereza Thomas Young alionyesha kwamba mwanga nao hufanya vivyo hivyo. Mwanga uliogawanywa ukapita njia mbili na kukutana tena ulichora mistari: nuru, giza, nuru, giza. Mwanafunzi unaweza kuonja jambo linalokaribiana na hilo ukiwa nyumbani. Weka vidole viwili mbele ya jicho moja, uvisogeze hadi vikaribie kugusana, kisha utazame taa kupitia ule mwanya mwembamba uliobaki. Utaona vistari vyeusi katikati ya mwanya. Usilitazame jua, maana utaharibu macho.

Mawimbi kufanya hivyo si ajabu. Ajabu huja tunapotuma kitu kimoja kimoja. Mwaka 1989, Akira Tonomura na wenzake wa kampuni ya Hitachi nchini Japani walirusha elektroni moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na njia mbili za kupita: upande huu au upande ule wa uzi mwembamba. Kila elektroni iligonga kiwambo na kuacha nukta moja tu, kama jiwe linalogonga bati. Nukta za mwanzo zilitawanyika ovyo. Zilipofika maelfu, ile mistari ikajitokeza, ingawa hapakuwa na elektroni mbili zilizosafiri pamoja ili ziingiliane.

Hebu fikiria uwanja wa michezo wenye lango moja. Ukifungua lango la pili, watazamaji wataongezeka, au angalau hawatapungua. Haiwezekani kwamba kufungua lango jipya kutaifanya safu fulani ya viti, iliyokuwa imejaa, iwe tupu. Lakini kwa elektroni ndivyo inavyotokea. Kuna sehemu za kiwambo zinazopata nukta njia moja ikiwa wazi, na ambazo hazipati kitu njia zote mbili zikiwa wazi. Kama kila elektroni ingechagua njia moja na kuachana na nyingine, hilo lisingewezekana. Hiyo mistari mitupu ndiyo nyayo tunazozitafuta. Kila mara utakaposikia kwamba kitu fulani kimewekwa katika hali mbili, uliza kwanza: mistari iko wapi?

Sasa tupande ngazi. Mwaka 1924, Mfaransa Louis de Broglie alisema kwamba kila kitu chenye uzito kina wimbi lake, na kwamba kadiri kitu kinavyokuwa kizito na chenye kasi, ndivyo wimbi lake linavyofupika. Tuchukue mpira wa kandanda wa gramu 430 uliopigwa kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Ukitaka kuandika urefu wa wimbi lake kwa mita, utaweka sufuri 34 baada ya nukta ya desimali kabla ya kuifikia tarakimu ya kwanza. Hakuna mwanya duniani ulio mwembamba kiasi cha kutuonyesha wimbi kama hilo. Ndiyo sababu golikipa hana haja ya kuhofia kwamba mpira utaingia kona mbili za lango kwa mkwaju mmoja.

Lakini kuna mpira mwingine, mdogo zaidi. Ni molekuli iitwayo fulerini, yenye atomu 60 za kaboni zilizoshikana kwa umbo lile lile la mpira wa kandanda, pembetano 12 na pembesita 20. Mwaka 1999, kundi la Anton Zeilinger na Markus Arndt katika Chuo Kikuu cha Vienna nchini Austria liliipeleka molekuli hiyo njia panda.

Walitia unga wa fulerini ndani ya tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selisiasi. Molekuli zikafuka kama mvuke na kuruka ndani ya chombo kilichonyonywa hewa yote, kwa kasi ya takriban mita 200 kwa sekunde. Mbele yao palikuwa na utando mwembamba uliotobolewa mianya sambamba kama meno ya kitana, kila mwanya ukiwa na upana wa nanomita 50. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Zaidi ya mita moja mbele, mwale wa leza ulihesabu ni molekuli ngapi zilizofika kila mahali. Wimbi la kila molekuli lilikuwa fupi mara mia kadhaa kuliko molekuli yenyewe. Hata hivyo, mistari ilitokea. Kitu chenye atomu 60, kilichotoka tanurini, kilikuwa kimepita mianya zaidi ya mmoja.

Hapa ndipo siri inapoingia. Baada ya ushindi huo, kundi la Vienna lilifanya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza lingeonekana kama kujiharibia kazi. Mwaka 2003 walianza kuingiza hewa kidogo kidogo ndani ya kile chombo huku molekuli za kaboni zikiruka. Kadiri hewa ilivyoongezeka, ndivyo mistari ilivyofifia. Mwaka 2004 wakazipasha molekuli joto kali kwa leza kabla hazijafika kwenye mianya. Kadiri zilivyozidi kuwa moto, ndivyo mistari ilivyofifia tena, hadi ikatoweka.

Kwa nini? Kitu cha moto hutoa mwanga, kama mkaa kwenye jiko. Chembe ya mwanga inayotoka kwenye molekuli hubeba habari ya mahali ilikotoka. Ikiwa habari hiyo inatosha kueleza ni njia ipi iliyopitwa, basi mchezo umekwisha: molekuli inakuwa kama ile iliyochagua njia moja, na mistari haitokei. Molekuli za hewa nazo zinapoigonga fulerini, huondoka zikiwa na habari hiyo hiyo. Katika jaribio la mwaka 1999, mwanga hafifu uliotoka ulikuwa na mawimbi marefu mno kuweza kutofautisha mwanya na mwanya, kwa hivyo siri ilibaki ndani.

Ona kwamba hakuna anayelazimika kutazama. Ukipika pilau nyumbani, huhitaji jirani achungulie sufuria ndipo mtaa ujue. Harufu imekwisha kutangaza. Hivyo ndivyo ilivyo hapa. Iwe mtu yupo au hayupo, awe amelala au yuko macho, habari ikishatoka nje imetoka. Wanafizikia huuita uvujaji huu dikoherensi. Sisi tuuite kufichuka.

Bila shaka umewahi kusikia kuhusu paka wa Schrödinger. Mwaka 1935, Erwin Schrödinger, mwanafizikia kutoka Austria, aliwataka wenzake wafikirie paka aliyefungiwa ndani ya sanduku pamoja na sumu inayofunguliwa na atomu moja. Atomu ikiwa katika hali mbili, alisema, basi hesabu zinatulazimisha kusema kwamba paka yu hai na amekufa kwa pamoja. Schrödinger hakutaka tuamini kwamba paka kama huyo yupo. Alitaka kuonyesha jinsi hesabu hizo zinavyofikia upuuzi zikitumiwa kwa vitu vikubwa bila kufikiri.

Leo tunaelewa vizuri zaidi kwa nini hatumwoni. Paka ana joto. Anapumua. Kila sekunde anagongwa na molekuli za hewa zisizo na idadi, na kila moja inaondoka na habari zake. Hata kabla hujagusa kifuniko cha sanduku, siri imekwisha kuvuja mara mabilioni. Fisi wetu naye ni vivyo hivyo: mnyama mwenye manyoya, jasho na harufu hawezi kumficha yeyote njia aliyoifuata.

Jambo hilo limepimwa. Mwaka 1996, Serge Haroche, mzaliwa wa Casablanca nchini Moroko, pamoja na wenzake jijini Paris, walinasa mwanga kidogo kati ya vioo viwili, wakauweka katika hali mbili tofauti kwa pamoja, kisha wakafuatilia jinsi hali hiyo ilivyopotea. Waligundua kwamba kadiri hali hizo mbili zilivyotofautiana, ndivyo siri ilivyovuja haraka. Mwaka 2012 Haroche alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Mmarekani David Wineland.

Basi kazi ya mtu anayetaka kuweka kitu kikubwa katika hali mbili ni kazi ya mtunza siri. Ondoa hewa. Punguza joto. Zuia mitikisiko. Fanya haraka. Kwa njia hiyo ngazi imeendelea kupandwa. Mwaka 2019, kundi la Vienna lilipata mistari kwa kutumia molekuli zenye atomu zipatazo 2,000, zenye uzito wa zaidi ya mara 25,000 kuliko atomu ya haidrojeni.

Mwaka 2025 kundi hilo likatoa matokeo ya chembe za sodiamu, ile metali ambayo mwalimu wa kemia huidondosha majini ikachachamaa. Kila chembe ilikuwa na atomu zaidi ya 7,000, na upana wa takriban nanomita 8. Ukizipanga chembe kama hizo 10,000 kwa mstari mmoja, zitakaribia upana wa unywele wako. Badala ya mianya ya kutobolewa, walitumia mapazia matatu ya mwanga wa leza. Mistari ilionekana. Kila chembe ilikuwa imetandaa kwenye nafasi kubwa zaidi ya mara kumi kuliko upana wake yenyewe.

Kuna na ngazi ya pili, ya vitu vinavyotetemeka bila kusafiri. Mwaka 2023, kundi la Yiwen Chu katika chuo cha ETH jijini Zurich, Uswisi, lilichukua kipande cha fuwele ya yakuti samawi na kukipoza hadi karibu kabisa na nyuzi 273 chini ya sufuri. Sehemu iliyotetemeka ilikuwa na uzito wa maikrogramu 16, sawa na punje ndogo ya mchanga. Kwa kutumia sakiti ya umeme isiyo na ukinzani, waliifanya itetemeke kwa namna mbili zinazopingana kwa pamoja: atomu zikienda upande huu na wakati huo huo zikienda upande ule. Sakiti hiyo hiyo ndiyo iliyotumika kusoma matokeo, kwa kurudia jaribio mara nyingi sana.

Hapa msomaji unapaswa kuwa makini na neno “kubwa”. Punje ya Zurich ina uzito mwingi mno kuliko chembe ya Vienna, lakini umbali kati ya hali zake mbili ni mdogo kuliko hata kiini cha atomu moja. Chembe ya Vienna ni nyepesi, lakini njia zake zimeachana mbali. Anayekuambia rekodi imevunjwa, muulize: rekodi ya uzito, au ya umbali? Hakuna aliyefanikiwa kuvipata vyote viwili kwa pamoja, na hapo ndipo mashindano yalipo leo.

Je, ngazi hii ina kikomo? Wanasayansi wamegawanyika. Wako wanaosema sheria ni moja kwa vitu vyote. Tukiweza kuzuia siri isivuje, hata jiwe litapita njia mbili. Wako wengine, miongoni mwao Mwingereza Roger Penrose, wanaosema kwamba kitu kikiwa kizito vya kutosha, hali ya mbili kwa pamoja huvunjika yenyewe, hata kama hakuna kilichovuja. Penrose anailaumu nguvu ya mvutano, ile inayoangusha embe kutoka mtini. Kitu chenye uzito huvuta vitu vingine. Kikiwa mahali pawili kwa pamoja, kitavutia upande gani?

Hakuna aliyelipima hilo kufikia sasa. Mwaka 2017, makundi mawili ya wanasayansi yalipendekeza jaribio la kuweka vitu viwili vidogo karibu karibu, kila kimoja kikiwa pawili, na kuangalia iwapo mvutano kati yao nao hufuata sheria za ulimwengu mdogo. Ili lifanyike, chembe zitapaswa kuwa nzito mno kuliko zile za Vienna. Ndiyo maana kila atomu inayoongezwa ina maana. Kila mistari inapotokea kwa kitu kizito zaidi, nafasi ya sheria mpya kujificha inapungua. Siku mistari itakapokosekana bila siri yoyote kuvuja, vitabu vya fizikia vitaandikwa upya.

Sasa niseme jambo linalogusa mfuko wako. Neno “kwantamu” limefika sokoni. Utauziwa kidani cha kwantamu cha kuondoa uchovu, bangili ya kwantamu ya kusawazisha damu, au utaambiwa ushike kifimbo cha chuma na mashine ya kwantamu itataja magonjwa yako yote kwa dakika moja. Wapo wazazi wanaotoa karo ya watoto kununua vitu hivi kwa ajili ya mgonjwa aliye nyumbani.

Sayansi ya kwantamu yenyewe ni ya kweli, na inatuhudumia. Leza, vichipu vya simu yako na mashine ya MRI hospitalini vyote vimejengwa juu ya sheria zake. Lakini wewe sasa unajua gharama ya kukiweka kitu kimoja katika hali mbili. Vienna walihitaji chombo kisicho na hewa kwa chembe isiyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Zurich walihitaji baridi inayopita ya sayari yoyote. Kidani kinachoning'inia shingoni, chenye joto la mwili, kikigongwa na hewa na jasho ndani ya basi lililojaa, hakina siri yoyote kinachoweza kuitunza. Muuzaji akikwambia kina nguvu za kwantamu, mwulize lile swali letu: mistari iko wapi? Akikosa jibu, hifadhi pesa zako na umpeleke mgonjwa kwa daktari.

Nanyi wanafunzi, mkifika kwenye somo la mawimbi msilipite mbio kwa kuwa mtihani unakaribia. Lile beseni la maji na vile vidole viwili mbele ya taa ndio mwanzo wa kazi ambayo Zeilinger aliifanya miaka 25 na zaidi iliyopita, na ambayo bado haijapata mmaliziaji. Tukijaliwa, tukutane tena Jumapili ijayo.